Filimbi ya Kokwijuka

Jumatatu, 16 Novemba 1953

Nimevunjiwa heshima kabla hata ya uji. Nimefika kwenye nyumba ya boila nikamkuta Novatus juu ya ngazi, spana mkononi, anafungua geji yangu. Geji yangu! Tumekaa nayo tangu kabla ya vita. Nikamuuliza kwa upole nani kamtuma. Watu wa pampu wanasema upole huo waliusikia hadi bondeni. Akashuka, akanipa shikamoo mzee Projest, ndipo akasema katumwa na Bwana Meneja. Adabu anayo, siwezi kumnyima. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi.

Novatus ni kijana wa Muleba, kasomea ufundi, kaletwa mgodini juzijuzi awe mtu wa vipimo. Mimi ni mkuu wa boila tangu boila ilipofika hapa Kyerwa. Boila inatoa mvuke, mvuke unaendesha pampu na mashine ya kusaga mawe, mawe yanatoa bati, bati linakwenda Ulaya. Kwa hiyo Ulaya inanitegemea mimi. Novatus anapima tu.

Kosa la geji yangu, anasema, ni kwamba haisogei. Mshale unakaa kwenye ratili themanini hata boila ikiwa imezimwa na paka amelala juu yake. Nikamwambia hilo si kosa, huo ni msimamo. Geji yake mpya inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Juu ya kioo chake kachora mstari mwekundu, penye themanini, na mshale hauruhusiwi kuuvuka. Ile ya zamani kaitupa kwenye vyuma chakavu. Nimeiokota nikaificha ndani ya koti.

Jumanne, 17 Novemba

Leo kanigusa penye kidonda.

Kaja na ubao na chaki, kaandika amri. Maji yaonekane kwenye kioo cha maji wakati wote. Mshale usivuke mstari. Asiguse mtu valvu ya usalama. Na ya mwisho: filimbi ipigwe asubuhi watu wanapoingia na jioni wanapotoka, basi. Ya saa kumi ifutwe. Kwamba saa kumi haingii mtu wala hatoki mtu, na kila nikiipiga mvuke unashuka, pampu inakohoa.

Bwana Meneja kashangaa. Miaka yote hiyo alidhani filimbi ya saa kumi ni sheria ya serikali.

Boila ilikuja mwaka thelathini na nne. Lori liliifikisha mahali barabara ilipokwisha, halafu ikavutwa kwa kamba juu ya magogo, kilima baada ya kilima, na mimi nilikuwa kwenye kamba ya kushoto. Wanawake wa Isingiro walituletea viazi na maji. Siku ilipowashwa mara ya kwanza, mzungu wa wakati ule akavuta mnyororo wa filimbi, na msichana mmoja akaangusha kibuyu chake, kikapasuka, akakaa chini akacheka mpaka machozi. Huyo alikuwa Kokwijuka. Nilimletea kibuyu kingine. Ndivyo tulivyooana.

Tangu hapo nilimpigia kila siku saa kumi, aache jembe apumzike. Alikuwa anajibu kwa kugonga sufuria. Sikuwahi kuisikia hiyo sufuria kwa sababu ya kelele za mashine, lakini aliniambia anagonga, nami niliamini. Sasa amelala kibanjani, shambani kwetu, kando ya mibuni, mwaka wa nne huu. Sijaacha kumpigia. Kaburi halina jembe la kuacha, najua. Lakini mtu hawezi kuzoea kuitwa kila siku halafu siku moja asiitwe.

Leo saa kumi nimesimama chini ya mnyororo, mikono mfukoni. Nimemchukia Novatus kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 18 Novemba

Mvua usiku kucha. Shimo la kuvundikia ndizi limejaa maji, vyura wamehamia. Hii ni balaa ya pili. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na nane, ni siku ya kumbukumbu ya Kokwijuka. Padre atasoma misa, halafu tutakunywa rubisi na kumwagia yeye kidogo penye kaburi. Rubisi haitoki bila ndizi za pombe zilizoiva, ndizi haziivi bila joto, na joto Novemba hii hakuna Kyerwa nzima.

Renatha, binti yangu, kapendekeza tuzitundike juu ya meko. Nikamwambia meko yetu yanavuja mvua kuliko nje. Kasema basi tuombe rubisi kwa mama Eugenia, jirani. Sitaki. Kokwijuka na Eugenia walishindana kwa rubisi maisha yao yote. Nimpelekee kaburini ya Eugenia? Atafufuka.

Mchana nikiwa kazini, nimeona jambo. Wapi kuna joto usiku na mchana? Niko ndani yake! Nyumba ya boila. Na nikitazama juu, naona mkono wa valvu.

Mkono wa valvu ni chuma kirefu kilicholala juu ya boila. Kinakandamiza mlango mdogo wa mvuke. Juu yake kuna jiwe la chuma linaloning'inia. Novatus alinieleza jana kama ananieleza mimi mtoto: mvuke ukizidi, unauinua mkono pamoja na jiwe, unatoka kwa kufoka, boila inapumua, hakuna anayekufa. Zamani jiwe lilikaa mwisho kabisa wa mkono, na boila ilibeba ratili mia na ishirini. Mabamba yakaliwa na kutu, mafundi wakalisogeza ndani, ndani, mpaka themanini. Nilitazama wakifanya hivyo mwaka hadi mwaka. Nilijisikia kama ni mimi ninayesogezwa.

Kwa hiyo mwisho wa mkono uko wazi. Una hata ndoano yake. Umekaa bure kabisa.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimetundika mkungu. Mkubwa, wa nyuma ya nyumba, nusura univunje mgongo kwenye ngazi. Umekaa kwenye ndoano kana kwamba ndoano ilifuliwa kwa ajili yake. Nimeufunika gunia, kwa sababu watu wa mgodini wakiona ndizi hawajui kuuliza ni za nani.

Ubao unasema asiguse mtu valvu. Sijaigusa. Nimegusa ndoano.

Novatus hakuona kitu. Yuko kwenye pampu kutwa, anaifungia geji nyingine. Akimaliza nadhani atatupima na sisi.

Ijumaa, 20 Novemba

Jambo la ajabu. Boila imeacha kufoka. Miezi hii yote, kila moto ukikolea, valvu ilikuwa inafoka na kupoteza mvuke wangu hewani. Leo kimya. Imetulia kama mtu aliyeshiba. Pampu inakwenda mbio, mashine ya mawe inaimba. Nyapara wa mashine kaja kuniuliza nimeipa nini. Nikamwambia ni mkono wa mtu mzima.

Mshale wa Novatus ulikuwa umepita mstari mwekundu. Nilijua tu geji ile ni mwongo. Nimeivalisha kofia yangu.

Saa kumi Novatus alikuwa bondeni. Nikavuta mnyororo.

Mungu wangu. Sauti ile! Haikuwa sauti ya juzi na mwaka jana, ile ya mzee anayeita mjukuu. Ilikuwa sauti ya mwaka thelathini na nne. Bati za paa zilitetemeka. Ndege waliruka kilima kizima. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilikuwa tena kijana mwenye malengelenge ya kamba mikononi, na kule chini kibuyu kinapasuka.

Nilipofika nyumbani Renatha kaniita tata, baba, akasema leo mama kaitwa. Mama Eugenia alikuja mpaka uani kwa ajili hiyo. Kasema alikuwa anachambua maharage, akajikuta anatazama njia kama Kokwijuka atatokea na jembe begani. Tulikaa watatu. Eugenia alikula senene wetu wote.

Jumamosi, 21 Novemba

Novatus kaja juu. Nilijua kaja kugomba juu ya filimbi. Kumbe Bwana Meneja kaisifu! Kasema hajasikia mvuke mzuri namna ile tangu afike. Novatus kakuna kichwa, kasema haelewi, kuni ni zilezile, maji ni yaleyale. Kakaribia ngazi. Nikamwambia ngazi imeoza. Katazama geji. Nilikuwa nimefungua mlango wa moto kwa wakati, mshale ukawa umeshuka kwa adabu mpaka themanini na mbili. Kagonga kioo kwa kidole.

Halafu katoa habari. Jumanne anakuja mkaguzi wa maboila kutoka Dar es Salaam. Ndiye atakayesema kama boila inaendelea au inakufa. Ikifa, italetwa injini ya dizeli. Novatus anakwenda Omurushaka Jumatatu kumpokea kwenye basi.

Nikamuuliza injini ya dizeli ina filimbi? Kasema mzee, dizeli haina mvuke. Watagonga kipande cha reli.

Kipande cha reli. Kwa hiyo mkaguzi akisema hapana, Kokwijuka ataitwa kwa reli, kama watu wa shule. Na saa kumi haitakuwepo kabisa, kwa sababu reli si yangu.

Nimekaa kwenye lundo la kuni nikafikiri. Nimepata. Mkaguzi ni binadamu, ana masikio. Akiisikia filimbi ya mwaka thelathini na nne atasema boila hii ni kijana.

Jumapili, 22 Novemba

Misa. Padre kahubiri juu ya marehemu, maana ni mwezi wao. Nimefikiri juu ya filimbi tangu injili hadi komunyo.

Nimegundua siri, na hakuna shule ya ufundi inayoifundisha. Boila ilipata nguvu lini? Siku ile ile nilipotundika mkungu. Kwa hiyo boila inapenda ndizi. Sijui kwa nini. Labda ni ule utomvu, labda harufu. Lakini mkungu mmoja umeleta sauti ile. Miwili je?

Renatha kasema labda ni uzito. Wanawake wanapenda kusema jambo la kwanza linalowajia. Uzito ungeifanyaje boila iimbe? Mimi nikibebeshwa mikungu miwili siimbi.

Jumanne, 24 Novemba

Jana nimetundika mkungu wa pili. Moto mdogo tu, kuutia joto. Wa kwanza umeanza kugeuka manjano. Harufu imeniua kwa kumbukumbu. Kokwijuka alikuwa anajua siku ya kukamua kwa pua tu, macho kafumba.

Mkaguzi kafika jioni, kachoka, kajaa vumbi la njia nzima kutoka Bukoba. Mtu mfupi, mpole, ana nyundo ndogo mfukoni kama mtu mwingine anavyobeba kiko. Novatus anamfuata nyuma kama bwana arusi.

Jumatano, 25 Novemba

Boila imezimwa ikaguliwe ikiwa baridi. Mikungu nimeificha kwenye kuni tangu alfajiri.

Mkaguzi kaingia ndani ya boila, mzima mzima, na taa. Tulimsikia anagonga, ngo, ngo, ngo. Kila pigo lilinigonga kifuani. Bwana Meneja kavuta sigara, Novatus kashika kalamu. Mimi nilikuwa nasali, lakini kwa Kokwijuka, si kwa watakatifu. Nilimwambia kama unaweza kufanya neno, fanya sasa.

Katoka mweusi wote. Kasema, na Novatus ndiye aliyetutafsiria: mabamba ni membamba lakini mazima. Kwa ratili themanini, si zaidi, boila hii inaweza kupewa miaka mitano. Kesho aione na mvuke, kisha ataweka sahihi.

Miaka mitano!

Novatus kanishika mkono kwa mikono miwili. Kasema mzee Projest, umeitunza vizuri. Alisema kwa furaha ya kweli, nadhani. Nikamwambia najua.

Mtu mwingine angelala. Lakini mimi nikafikiri: kama boila ikiwa baridi imepewa miaka mitano, ikipiga filimbi si atatoa kumi?

Alhamisi, 26 Novemba

Naandika na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Si kitu, ni malengelenge.

Alfajiri nilitundika mikungu yote miwili. Magunia yalikuwa machafu, nikafunika na kitambaa cheupe cha meza alichofuma Renatha, ili mgeni aone tunapenda usafi. Halafu ile geji mpya. Sikuiamini. Kitu kinachopandapanda namna ile kinaweza kushtuka mbele ya wageni, mvuke mzuri uonekane mbaya. Nikaifungua, nikairudisha ya zamani. Mshale ukakaa themanini kabla hata sijawasha moto. Huo ndio uaminifu. Kisha nikatia kuni kavu, zile nilizokuwa naziweka kwa siku kubwa.

Walikuja baada ya chai. Nilimkaribisha mkaguzi kwa kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, kama inavyopasa kwa mgeni. Katafuna bila kukunja uso. Nikajua tumeshinda. Katazama geji, themanini, katikisa kichwa kwa kuridhika.

Novatus hakutazama geji. Alikuwa anatazama kioo cha maji. Maji yalikuwa yanatetemeka. Kaniuliza nimechochea tangu saa ngapi. Kisha kauliza mbona valvu haifoki. Kisha tone la kitu chenye sukari likamdondokea kwenye kofia. Kalipangusa kwa kidole, kalinusa, na hapo ndipo akainua macho kwenye kitambaa cha meza.

Uso wake sitausahau. Hakupiga kelele. Kamwambia Bwana Meneja na mkaguzi, kwa Kiingereza, maneno mawili tu, na wale wazungu wakatoka kwa mwendo wa watu waliosahau kitu nyumbani. Watu wa mashine wakawafuata. Kafungua mlango wa moto, kaanza kuvuta kuni zinazowaka kwa koleo na kuzimwaga sakafuni. Nikamwambia anaharibu mtihani. Nikashika mnyororo wa filimbi, kwa kuwa niliona ndio wakati wake.

Kanikamata kola. Mimi, niliyemzidi umri hata baba yake! Kanivuta hadi nje, mlangoni bomba la pembeni likaniunguza mkono, kaniketisha kwenye majani kwa nguvu, kaniambia mzee, kaa, tafadhali. Halafu karudi ndani peke yake.

Kwa muda hatukuona kitu. Bwana Meneja alikuwa kavua kofia. Nami nikakumbuka mama yake yuko Muleba, na kwamba mwezi wote huu sikuwahi kumuuliza hali ya mama yake.

Baadaye kasema aliinua mikungu polepole kwa mti mrefu. Sisi tulisikia tu mngurumo, mvuke ukatoka milangoni na juu ya paa, bati mbili zikaruka, na ndizi zikatunyeshea kilima kizima, zimeiva, zimepikika, moto. Moja ilitua kwenye bega la mkaguzi. Novatus katoka anatambaa, mwekundu wa macho, mzima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikaona kitambaa cha Renatha kimechanika, nikaudhika.

Filimbi haikulia.

Jioni boila ilipopoa mkaguzi kaigonga tena. Mara hii sauti haikuwa ngo. Bamba la chini limevimba, misumari inatoa machozi. Kachukua chaki ya Novatus, kachora msalaba mkubwa ubavuni mwa boila, kafuta mkono kwa leso. Novatus hakuhitaji kututafsiria.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimeitwa ofisini. Bwana Meneja kasema angenifukuza jana ileile, lakini Novatus kaniombea. Kasema nimetumika tangu boila ilipovutwa kwa kamba, na kwamba hakuna aliyewahi kunionyesha valvu ikipimwa, nimesikia maneno tu. Kwa hiyo nitalinda stoo ya majembe. Dizeli inakuja kutoka Bukoba.

Kuombewa na Novatus! Nilikuwa na hoja zangu mwenyewe. Nilitaka kusema kwamba kosa liko kwenye zile kuni kavu, na kwamba mkungu wa pili ulikuwa wa aina nyingine. Hawakuniuliza.

Nilipita nyumba ya boila. Baridi. Sijawahi kuigusa ikiwa baridi bila kujua itawashwa lini. Nimeweka kiganja pale kwenye msalaba. Nilikuwa na miaka mitano mkononi juzi, sahihi tu ilikuwa imebaki. Nimeiua mwenyewe, au ndizi zimeiua. Ndizi, nadhani.

Jumamosi, 28 Novemba

Siku ya Kokwijuka. Ndizi zilizopikwa hazitoi rubisi, nimejaribu. Tumekunywa ya Eugenia. Nilimwagia kidogo penye kaburi nikaomba radhi. Eugenia alilia, kasema angempa Kokwijuka ushindi wote kama angerudi kuudai.

Saa kumi ilipokaribia watu walinyamaza bila kuambiwa. Wote walizoea. Tulisikia mvua kwenye majani ya migomba, na mtoto wa mtu analia mbali. Saa kumi ikapita. Ni mara ya kwanza tangu kaburi lile lifukiwe ambapo siku hii imepita kimya, na uchungu niliousikia sikuwahi kuusikia hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilipiga filimbi mimi mwenyewe.

Ndipo katokea Novatus njiani, kalowa, kabeba kitu ndani ya gunia. Katupa shikamoo wote, kamwomba Renatha maji ya kunywa, kafungua gunia. Filimbi. Kaifungua kutoka kwenye boila, kaisugua mpaka shaba inang'aa. Kasema Bwana Meneja kakubali, kwamba dizeli haina kazi nayo.

Nilimpa kiti changu. Nikamuuliza hali ya mama yake.

Jumapili, 6 Desemba

Novatus kaja baada ya misa na pipa dogo la mafuta, jipya. Tumejenga meko ya mawe matatu kibanjani, karibu na kaburi. Filimbi juu, maji ndani, moto chini. Kisha katoboa kitundu juu, kando ya filimbi, kakifunika kwa kibati chenye bawaba, juu ya kibati kaweka kokoto. Kaniita, kanionyesha kwa mikono yake: mvuke ukizidi, unainua kokoto, unatoka. Kaweka kokoto kubwa, kasema hii haitainuka, kaitoa. Karudisha ndogo. Kaniambia nirudie. Nikarudia. Kaniambia nirudie tena mbele ya Renatha. Nikarudia, kwa sababu alikuwa mgeni wangu.

Tukawasha. Filimbi ikalia kama kifaranga. Renatha kacheka mpaka kakaa chini, nami nikatazama vile alivyokaa na alivyocheka. Ni mama yake mtupu. Novatus naye alikuwa anamtazama.

Kasema sauti hiyo inatosha, mama yuko hapa hapa karibu. Kweli, inatosha. Ni kijana mzuri. Nimejifunza mengi mwezi huu.

Jumamosi, 12 Desemba

Haitoshi. Nimeisikiliza wiki nzima. Sauti inafika kwenye mbuni wa tatu, inakufa hapo. Kaburi liko baada ya mbuni wa tano.

Leo nimekaa na pipa tangu mchana nikalichunguza, maana mimi ni mtu wa mvuke, si wa vyeti. Nimeona kasoro mara moja. Kokoto ya Novatus ni nyepesi mno. Kabla filimbi haijapata pumzi, kibati kinainuka na mvuke mzuri unapotea bure pembeni. Kijana kasahau kupima.

Nimetafuta kitu cha kufaa. Ndizi sitaki tena, zile nimeshajua tabia yake. Ila jikoni liko lile jiwe la kusagia ulezi la Kokwijuka, limekaa bure tangu afariki, hakuna anayeligusa. Limekaa juu ya kibati kana kwamba limechongewa hapo.

Renatha kauliza jiwe la mama liko wapi. Nimemwambia limepata kazi. Pipa halifoki hata kidogo, limetulia vizuri. Nimewaita Novatus na mama Eugenia waje, nimewawekea viti karibu na meko wasikie vema. Kuni ni zile kavu zilizobaki. Saa kumi bado kidogo.